Gando Kwanza au Shumba Kwanza

Kadi yenu ya harusi nimeipata. Nzuri, ina maua, ina njiwa wawili wanaotazamana, na imesukumwa chini ya mlango wangu na mtu ambaye hakupiga hata hodi. Zamani zetu mtu akikusukumia kitu chini ya mlango na kukimbia, ulimwita shehe aje akisomee kabla hujakigusa. Hii nimeigusa tu, kwa sababu nawapenda, na harusini nitakuja. Lakini kwa kuwa mmenikumbusha kazi yangu, kaeni niwaeleze ilivyokuwa, maana naona mnadhani kualika watu ni kujua majina yao.

Mimi nilikuwa mwalikaji. Zamani za Sultani, kabla ya vita vya pili na wakati wa vita vyenyewe, mwanamke wa Pemba hakualikwa harusi kwa karatasi. Alialikwa kwa mdomo, nyumbani kwake, na mtu aliyetumwa hasa na mama wa bibi harusi. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikauliza hali za wote waliomo na mbuzi wao, nikataja mwenye shughuli, nikamtaja bibi harusi, nikataja siku. Kisha nikakaa nile tambuu. Ukisema ukaondoka bila kukaa, hujaalika, umetangaza. Na mtu aliyesikia habari kwa jirani au dukani hakuhesabu kuwa kaalikwa, hata kama aliijua harusi nzima mpaka rangi ya pazia. Alikaa kwake akangoja, na asipofikiwa, hasira zake zilirithiwa na watoto.

Sasa fikirieni. Bibi harusi wa Wete ana jamaa Gando, ana jamaa Mgogoni, Konde, Shumba, wengine Chake, wengine mpaka Mkoani. Mwalikaji ni mmoja, ana miguu miwili na tumbo moja la kutia tambuu zote hizo. Nyinyi mnaoniona leo nachechemea mnadhani ni uzee. Ni harusi za watu.

Kusema kila mtu anaweza. Kazi yenyewe ilikuwa njia: uanzie wapi, ufuatie wapi, urudi vipi Wete bila kukanyaga bure. Aliyenifunza ni Bi Mgeni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwadhini, aliyekuwa akishona kofia akiwa hana harusi ya kualikia. Lakini alinifunza baada ya kuniacha niharibu kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa skuli yake.

Safari yangu ya kwanza peke yangu nilifanya anavyofanya kila mtu anayejiona ana akili. Nilikwenda kijiji kilicho karibu, kisha kilicho karibu na hicho, kisha kilicho karibu na hicho. Raha tupu. Kila mwendo ulikuwa mfupi, nikajiona hodari, nikawa hata naimba njiani. Mpaka nilipomaliza, nikakumbuka kuna watu huko upande mwingine kabisa wa kisiwa ambao kila nilipochagua niliwaruka, kwa kuwa kila mara palikuwa na wengine karibu zaidi. Nikairudia Pemba yote kwenda kuwaalika hao, shavu limejaa tambuu, miguu imejaa malengelenge. Niliporudi Bi Mgeni alinitazama akaendelea kushona.

"Umekula vilaini vyote asubuhi," akasema, "mifupa ukajiwekea magharibi. Haya, kaa."

Akatandika mkeka, akamwaga kete za bahari. Kila kete ni kijiji. Hakuzipanga kama mchoraji ramani, alizipanga kama miguu inavyojua: penye kilima alizitenga zaidi, na Gando aliisogeza mbali na Wete kwa sababu ya hori, ule mkono wa bahari, maana maji yakijaa unazunguka, na asiyetaka kuzunguka akae angoje yatoke. Kisha akachukua uzi wake wa kofia.

Sikilizeni hapa, maana nitakufa na hili. Usianze na vya karibu. Anza na vile vya mwisho wa dunia, vile usivyotaka kwenda. Vizungushie uzi vyote kama unazungushia ua shamba. Halafu vilivyobaki humo ndani vivute kwenye uzi kimoja kimoja, kila kimoja pale ambapo uzi utapinda kidogo kuliko pengine. Ukimaliza, tazama kama uzi umejipita mahali. Ukiona umejipita, fumua hapo ugeuze, kwa sababu daima iko namna ya kupitia kete zilezile bila kujipita, na hiyo ni fupi zaidi. Bi Mgeni hakuwahi kueleza kwa nini. Nilipomuuliza aliniuliza kama mie nimekuja kujifunza au kuhukumu.

Lakini kwa sisi waalikaji, njia kujipita haikuwa urefu tu. Ilikuwa hatari. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, sitamtaja, alipitia Mgogoni asubuhi akiwa anakwenda Konde, akaalika nusu ya kijiji. Nusu ya pili aliipangia jioni akirudi. Sasa wale wa nusu ya pili walimwona asubuhi anapita mbele ya milango yao, kanga mpya, kajifukiza udi, na hakusimama. Kufika jioni, milango ilikuwa imefungwa na moshi unatoka jikoni. Anapiga hodi, anajibiwa na kuku. Harusi ile ilihudhuriwa na nusu ya Mgogoni, na wali ukabaki mwingi hata mbwa wakachoka. Tangu hapo nilikuwa nikiona uzi umejipita nasikia baridi mgongoni.

Baadaye akaja Bwana Premji na gari lake. Bwana Premji alikuwa na duka Wete, la vitambaa na mafuta ya taa, na huyo ndiye aliyeleta lori lenye mabao ya kukalia, likawa linakwenda Konde na kurudi. Alitangaza kwamba litaondoka asubuhi. Alikuwa mkweli, hakusema asubuhi ya lini. Liliondoka likijaa, na kujaa kwake kulitegemea kama Bwana Premji amekuona unatoka kwenu. Lakini likishaondoka, hakuna mguu wa mtu ulioliweza.

Nikasema sasa nimepona. Kumbe ndiyo kwanza naumwa. Garini wamo wanawake, na wanawake wana macho. "Bi Riziki, kanga hiyo, waenda kualika kwa nani?" Ukijibu, umekwisha, maana gari linasimama kila penye mtu mwenye kuku wa kuuza, na kila anayeshuka anashuka na harusi yako. Mara ya kwanza nilifika Konde nikawakuta wameshaanza kugombana nani apike na nani asipike. Mama mmoja akanambia, "Mie nishaambiwa na dereva, na siendi harusi ya dereva." Kwa hiyo nikajifunza kupanda gari nimefunga shavu kwa kitambaa, jino linaniuma, siwezi kusema. Ikawa kila baada ya msimu wa karafuu, harusi zikianza, jino langu linaanza. Bwana Premji akanionea huruma akanipa karafuu za kutafuna. Nilizitafuna.

Haya yote ni utangulizi. Harusi ninayotaka kuwaeleza ni ya Zuwena.

Zuwena alikuwa mtoto wa Bi Raya wa Wete, mjane. Baba yake Zuwena alikuwa amefariki, akaacha dada wawili waliomlea yeye mwenyewe toka udogo. Mmoja Bi Mize, wa Gando. Mmoja Bi Kazija, wa Shumba. Mume kabla ya kufa alimwambia Bi Raya kwamba Zuwena asiolewe ila wote wawili wawepo wamemkalisha bibi harusi kati yao. Na desturi inasema jamaa wa upande wa baba, anayealikwa kwanza kabisa ni mkubwa. Hapo hamna tatizo, mtasema. Tatizo ni kwamba wote wawili walikuwa wakubwa.

Bi Mize alisema yeye kazaliwa mwaka wa ndui. Bi Kazija alisema yeye kazaliwa mwaka wa njaa. Na wazee waliobaki walikuwa hawakubaliani kilianza kipi, ndui au njaa, kila mmoja akishikilia kile kilichowaua jamaa zake. Walioshuhudia wanawake hao wakizaliwa walikuwa chini ya ardhi wote. Kwa hiyo kila shughuli ya ukoo ule ilikuwa ni kesi, na hukumu yake ilikuwa ni miguu ya mwalikaji. Ukianzia Gando umehukumu. Ukianzia Shumba umehukumu pia.

Zuwena alikuwa ameshaposwa mara moja kabla. Mwalikaji wa mara ile, si mimi, alianzia Shumba. Bi Mize akafunga mlango Gando na kupeleka neno kwamba yeye mdogo hana haja ya kwenda kwenye shughuli za wakubwa. Watu wa bwana harusi wakasikia ukoo una mtafaruku, wakaona wawaachie wenyewe. Mambo yakaingia maji. Msichana alikuwa ameshatiwa hina.

Posa ya pili ilitoka kwa Mwalimu Haji, aliyekuwa akisomesha Wete. Alikuwa Muunguja, akifungua mdomo tu unamjua, kijana mwembamba mwenye adabu na chaki kila mahali. Akakubaliwa. Haukupita muda akapata amri ya kuhamishiwa skuli moja Unguja, aende mara likizo itakapokwisha. Kama hakuoa kabla ya hapo atakwenda peke yake, na kila mtu Wete alijua yanayowapata wanaume wanaokwenda Unguja peke yao. Bi Raya akanipa mimi kazi.

Zuwena alinijia mwenyewe nyumbani, jambo lisilo la kawaida, mtoto wa kike aliyeposwa hatembei tembei. Akakaa kizingitini.

"Bi Riziki," akasema, "mie nimechoka kuwa bibi harusi. Nataka kuwa nke wa ntu."

Nilimwonea uchungu. Nikamwambia ataondoka kwao na mume, inshallah, japokuwa sikujua kwa njia gani.

Nikatandika mkeka. Bi Mgeni alikuwa ameshafariki wakati huo, mkeka ukabaki na mimi. Nikazungusha uzi: Wete, Gando, Mgogoni, Konde, Shumba, na vijiji vidogo vilivyo kati yake, halafu nishuke kwa njia ya mashambani nirudi Wete. Uzi mzuri, haujipiti popote. Mwalimu Haji akaja kuutazama, akaukubali, lakini kama mwalimu akataka kuhakikisha. Akasema atajaribu kila mpango unaowezekana wa vijiji, aone kama upo ulio mfupi kuliko huu. Akaanza kuandika kwenye ubao wa skuli. Ubao ukajaa. Akahamia ubao wa darasa la pili. Wanafunzi wakafurahi, hapakusomwa chochote, wengine mpaka leo hawajui kugawanya na sababu ni harusi ile. Mwisho akarudi, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Bi Riziki, uzi wako ni sahihi. Hakuna njia fupi zaidi."

"Ahsante, mwalimu."

"Na kuna jambo jingine. Ukiizunguka kinyume, kwa kuanzia Shumba ukamalizia Gando, urefu ni uleule. Kwa hesabu hakuna tofauti yoyote."

Nikamtazama kijana wa watu. Alikuwa amesema kweli tupu. Uzi haujali unaushika kwa mwisho upi. Nikamwambia, "Basi nenda ukawaeleze shangazi zake Zuwena kwamba kwa hesabu hakuna tofauti. Mie nitakungoja hapa na bandeji."

Hakwenda. Lakini huyu hakuwa mjinga, nataka mlielewe hilo, kwa sababu alirudi siku ya pili na jambo ambalo mimi katika miaka yangu yote sikulifikiria. Akasema: kama vijiji viwili haviwezi kuwa vya kwanza vyote, basi wahusika watoke vijijini. Mgogoni iko katikati. Yupo pale jamaa yao wa mbali, Bi Time. Waitwe wote wawili kwa Bi Time siku moja, wakae mkeka mmoja, na mimi niseme mara moja. Neno likitoka kinywani mwangu litaingia masikio yote manne pamoja.

Nilimpenda siku ile kama mwanangu. Nikapeleka neno Gando na Shumba kwa wajumbe wawili tofauti, waondoke Wete pamoja. Majibu yakarudi mazuri. Bi Mize atakuja. Bi Kazija atakuja.

Siku ikafika, nikawahi kwa Bi Time, nikakaa. Mkeka mpya umetandikwa, tambuu imepangwa, uvumba unafuka. Asubuhi ikapita. Bi Time akapika, tukala. Adhuhuri ikapita. Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi, na hapana aliyepiga hodi. Nikaanza kuomba Mungu wasiwe wamepatwa na jambo njiani.

Karibu na alasiri akaja jirani, anacheka mpaka anashika ukuta. "Bi Riziki, huyo Bi Mize yuko kwa Bi Chumu, kule mwanzo wa kijiji. Tangu asubuhi. Kila saa aniuliza kama mwenziwe keshafika."

Kabla sijasimama akaja mwingine, wa upande wa pili wa kijiji. Bi Kazija alikuwa nyumbani kwa huyu, tangu asubuhi, na yeye anauliza hilohilo.

Mnaona? Atakayefika kwanza atakaa amngoje mwenzake, na anayengoja ni mdogo. Walikuwa wamekuja wote, mapema, wamevaa vizuri, wakajificha kila mmoja kwenye ncha yake ya Mgogoni kama wanacheza kibe. Nikaondoka nikaenda kwa Bi Mize. Mwanamke mkubwa, mpole wa sura, amekaa wima na buibui lake.

"Bi Mize, twende, mwenzako yupo."

"Yupo wapi? Kwa Time?"

"Hapana, yupo kwa jirani."

"Basi hajafika," akasema. "Nkubwa hangoji, mwanangu. Hungojwa."

Nikakata kijiji mpaka ncha ya pili kwa Bi Kazija. Huyu alikuwa mwembamba, mkali wa macho, na tayari alikuwa amejua nimetoka wapi.

"Keshaingia kwa Time?"

"Bado."

"Mie nkubwa, siwezi kukaa mkekani namngoja ntoto."

Nilikwenda na kurudi mpaka watu wa Mgogoni wakatoa viti nje. Mimi niliyefunzwa kwamba njia isijipite, siku ile nilijipita mbele ya kijiji kizima mpaka vumbi likanijua jina. Jua lilipoanza kulegea, Bi Mize akashika njia ya Gando na Bi Kazija njia ya Shumba, na nawaambia walikuwa na furaha. Hakuna aliyefika kwanza. Kila mmoja alirudi kwao ameshinda.

Mwalimu Haji nilipomweleza akauliza kama inawezekana kufunga ndoa bila wao. Bi Raya akasema, "Nlimwahidi ntu anakata roho. Wewe ungekuwa ndiye, ungependa nikubadilishie?" Mwalimu akasema hapana. Likizo ilikuwa inakwisha. Zuwena hakulia, alianza kufunga vyombo alivyokuwa ameviandaa, akivirudisha kimoja kimoja kwenye sanduku.

Kabla hatujapata hila nyingine, Bi Mize akashikwa na homa. Tuliidhani homa ya kawaida. Kukicha siku moja, akafariki.

Watoto, mimi nimefanya kazi ya kupeleka habari umri wangu wote. Sijaona habari iliyokwenda kama ile. Hapakutandikwa mkeka, hapakuulizwa nani mkubwa nani mdogo, maji ya hori yalikuwa yamejaa na watu wakayavuka hivyohivyo nguo zimewaganda mwilini. Gari la Bwana Premji, ambalo halikupata kuondoka bila kujaa, siku ile liliondoka tupu, Bwana Premji mwenyewe amelisukuma, na dereva akawa anapiga kelele kila kijiji bila kusimama. Shumba walijua jua halijapanda. Hakuna aliyenuna kwamba kaambiwa wa pili, wala kwamba kaambiwa na dereva.

Bi Kazija alikuja na gari hilo. Alikuwa hajapata kulipanda maisha yake, alisema ni chombo cha watu wasio na miguu. Sisi wanawake tulikuwa ndani, maiti ameshakoshwa na kuvikwa sanda, uso bado haujafunikwa. Tukampisha. Nilikuwa najiambia, sasa atasema neno gani, maana alikuwa mwanamke asiyekosa neno. Akakaa chini kwa shida, akamtazama dada yake usoni.

"Nkubwa ndiye yeye," akasema. "Nlijua siku zote. Alikuwa akinibeba mgongoni kwenda kisimani. Ntu habebwi na ntoto wake."

Wanawake wengine waliangua kilio. Mimi nilikasirika. Nasema kama ilivyokuwa, nilikasirika mbele ya maiti, Mungu anisamehe. Nilimfikiria Zuwena na hina yake ya mara ya kwanza. Nikaifikiria miguu yangu. Mwanamke huyu alikuwa na jibu lile mdomoni mwake miaka yote, neno dogo ambalo lingetuweka sote raha, akalitoa siku asipokuwepo wa kulisikia. Halafu nikaona mkono wake unavyotafuta ncha ya sanda ili aiweke sawa, unakosa, unatafuta tena, na hasira zangu zikanitoka zote nikabaki sina kitu.

Yalipokwisha matanga, tulidhani harusi imekufa pia. Ndoa kwenye ukoo wenye msiba haiendi haraka, na likizo ya Mwalimu Haji ilikuwa ukingoni. Aliyesimama ni Bi Kazija. Alipeleka neno kwa Bi Raya kwamba ndoa ifungwe kabla mwalimu hajasafiri, bila ngoma, bila vigelegele, isomwe hitima kisha isomwe ndoa, na kama yuko mtu wa kulaumu alaumiwe yeye. Bi Raya akaniita. Watu wachache tu, wa damu, waalikwe kama desturi.

Kwa mara ya kwanza kazi ilikuwa rahisi. Mkubwa alikuwa mmoja tu aliyebaki, hakuna wa kubishana naye. Sikuhitaji kufikiri. Nilitoka Wete nikaenda moja kwa moja mpaka Shumba, nikapiga hodi kwa Bi Kazija, nikaamkia, nikakaa.

"Bi Raya anakusalimu..." nikaanza.

Akainua mkono. "Umeanzia wapi?"

"Nimeanzia kwako, Bi Kazija. Wewe ndiye mkubwa."

"Mie si nkubwa. Nlikwisha sema, na ulikuwepo. Kaanzie Gando."

"Bi Kazija, Gando hakuna mtu. Nyumba imefungwa."

"Imefungwa, lakini ipo," akasema. Hakunipa hata tambuu. Akachukua ukili wake akaendelea kusuka, kama mtu ambaye hajatembelewa na mgeni yeyote.

Nikaondoka. Niliikata Pemba kutoka Shumba mpaka Gando, njia mbaya kuliko zote ambazo mwalikaji angeweza kuzipanga, inajipita, inarudi nyuma, inapitia mahali nilipokwishapita asubuhi na kila mtu ananiona. Gari halikuwepo. Kwenye hori maji yalikuwa yamejaa, nikazunguka. Nikafika kwa Bi Mize, mlango umefungwa kwa kamba, na mbele yake karafuu za mtu mwingine zimeanikwa kwenye jamvi kwa kuwa uwanja ulikuwa tupu. Jirani aliyekuwa akizigeuza akasimama kunitazama.

Nikapiga hodi. Nikangoja inavyongojwa. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Kisha nikaamkia, nikamtaja Bi Raya, nikamtaja Zuwena binti wa mdogo wako, nikataja siku, nikasema uje wewe na wa kwako. Nikakaa kizingitini muda wa tambuu moja. Yule jirani hakucheka. Akaja akakaa kando yangu mpaka nilipoinuka.

Nilifika Shumba tena nimechoka hata siwezi kuvua kanga. Bi Kazija safari hii alikuwa ameshatandika mkeka, na tambuu imeshakatwa.

"Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Kajibuje?"

Katika kazi yangu nilikuwa nimesema uongo mwingi wa adabu, kwamba fulani ana homa, kwamba fulani atakuja kesho. Pale haukunijia hata mmoja.

"Hakukataa," nikamwambia.

Bi Kazija akainamisha kichwa. Kisha akanisogezea tambuu, akajiweka sawa mkekani.

"Haya, nialike na mie," akasema.